Aliyepiga Pasi Akamtungia Elvis

Hapa Nashville napiga pasi mashati, na redio ya kazini haizimwi. Zikija nyimbo za Elvis Presley, mzee mmoja tunayefanya naye kazi huanza kutingisha mabega. Juzi nikamuuliza "Don't Be Cruel" aliitunga nani. Akanikodolea macho. "Elvis! Nani mwingine?"

Mtunzi ni Otis Blackwell, mtu mweusi wa Brooklyn ambaye naye alikuwa akipiga pasi kwa fundi nguo. Mkesha wa Krismasi 1955 aliuza nyimbo sita, dola 25 kila mmoja, na huo ukiwemo. Elvis akaurekodi 1956, kwa sharti kwamba naye aandikwe mtunzi, mirabaha wagawane nusu kwa nusu. Blackwell akakubali. Ungekuwa wewe ungekataa? Baadaye akatunga "All Shook Up" ya Elvis na "Great Balls of Fire" ya Jerry Lee Lewis. Blackwell na Elvis hawakukutana hata siku moja. Alifia mji huu huu, 2002, na mzee wangu wa mabega hamjui.

Wenzangu husema huku mtunzi anaheshimiwa. Mimi naona inayoheshimiwa ni karatasi. Redio za AM na FM za Marekani zikipiga wimbo humlipa mtunzi na mchapishaji, mwimbaji hapati kitu. Nilipolijua hilo ndipo nikaelewa kwa nini jina la mtunzi lilitafutwa kwa udi na uvumba. Ila karatasi hiyo hiyo iliyomnyang'anya Blackwell nusu ndiyo iliyomwachia nusu nyingine.

Kwetu Mombasa mjomba wangu alikuwa akitunga mashairi ya taarab. Harusini, mwimbaji akifungua ubeti tu, kina mama washajua ni ya nani, na fumbo linampiga nani. Noti alitunzwa mwimbaji. Mjomba alipata sahani ya biriani, na kanda ilipotoka jina lake halikuwemo. Heshima hiyo ya kujulikana na mtaa mzima Blackwell hakuipata, nami siidharau, lakini hailipi kodi ya nyumba.

Nikampigia simu, nikamhadithia yote, nikamuuliza mashairi yake yako wapi. Kumbe yamo kwenye daftari la duka! Nimemwomba binamu yangu alipige picha, ukurasa kwa ukurasa. Mjomba karidhia, ila kurasa za madeni zisionekane.