Siku Saba za Mwisho Kabla ya MCAT

Mtu aliyejiandaa kwa miezi kadhaa kufanya MCAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vingi vya udaktari nchini Marekani na Kanada katika kuchagua wanafunzi, anaweza kuiharibu kazi hiyo katika siku saba za mwisho, na mara nyingi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Anaona siku zinayoyoma, anakumbuka mada ambazo hakuzimaliza, anaanza kukesha. Anafungua tena kitabu cha biokemia, anakutana na mfululizo wa vimeng'enya asioukumbuka vizuri, na hofu inampanda. Anaruka kwenda kwenye lenzi na vioo, kutoka hapo anahamia kwenye homoni, na usiku wa manane unamkuta amegusa mambo mengi bila kuliimarisha hata moja. Maoni yangu ni kwamba wiki ya mwisho haifai kabisa kutumiwa kutafuta maarifa mapya, na kwamba usingizi wa wiki hiyo uhesabiwe kuwa sehemu ya maandalizi yenyewe.

Sababu ya kwanza imo katika umbo la mtihani. MCAT ina maswali 230 katika sehemu 4: ya kwanza ni kemia na fizikia, ya pili ni ufahamu na uchambuzi wa matini, ya tatu ni biolojia na biokemia, na ya nne ni saikolojia na sosholojia. Muda wa kujibu peke yake ni saa 6 na dakika 15, na ukijumlisha mapumziko na taratibu nyingine, mtahiniwa hukaa kituoni kwa takriban saa 7 na nusu. Kila sehemu hupewa alama kati ya 118 na 132, na jumla yake huwa kati ya 472 na 528. Maana yake ni kwamba sehemu ya nne, ambayo huanza wakati macho yamechoka na mgongo unauma, ina uzito uleule wa sehemu ya kwanza. Mtahiniwa aliyepata mada mbili zaidi usiku wa kuamkia mtihani, kisha akaifikia sehemu ya nne akiwa anasoma sentensi moja mara tatu, amepata hasara, hata kama mada hizo mbili zilitokea kwenye mtihani.

Sababu ya pili iko ndani ya ubongo. Mambo tunayojifunza mchana huimarishwa katika kumbukumbu tunapolala, na mtu asiyelala vya kutosha hupungukiwa umakini hata pale anapojihisi yuko macho. Wengi hutegemea kahawa kuziba pengo hilo, lakini kahawa huficha uchovu tu. Kwa mtu mzima wa kawaida, karibu nusu ya kafeini aliyoinywa saa 10 jioni bado imo mwilini ifikapo saa 3 usiku, na hapo ndipo anapojigeuza kitandani akidhani kwamba ni woga wa mtihani pekee unaomnyima usingizi. Aliyezoea kahawa kila asubuhi asiiache ghafla wiki hiyo, kwa sababu maumivu ya kichwa yatokanayo na kuiacha yatamfuata hadi chumba cha mtihani; apunguze ile ya mchana. Kwa kuwa mtihani huanza saa 2 asubuhi na mtahiniwa anatakiwa kuwa amefika nusu saa kabla, saa ya kuamka nayo irekebishwe mapema katika wiki, maana mwili uliozoea kuamka saa 4 haubadiliki kwa amri ya usiku mmoja.

Je, basi mtu asisome kabisa? La hasha. Asome, ila arudie makosa yake mwenyewe. Mtihani kamili wa mwisho wa majaribio ufanywe kama wiki moja kabla, na siku zinazofuata zitumike kuuliza kwa nini kila jibu lililokosewa lilikosewa: je, ni kwa kutojua, kwa kusoma swali haraka, au kwa kubadilisha jibu lililokuwa sahihi? Mambo ya lazima, kama zile asidi amino 20 na milinganyo ya fizikia, ni afadhali ayatoe kichwani na kuyaandika kwenye karatasi tupu kuliko kuyasoma tena na tena. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walihifadhi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu, ingawa hao waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Imani hiyo isiyo na msingi ndiyo inayowapoteza wengi katika wiki ya mwisho, kwa kuwa ukurasa uliosomwa mara nne huonekana kama unaujua.

Hesabu za haraka nazo zinahitaji mazoezi ya kila siku, kwa kuwa kikokotoo hakiruhusiwi. Tuseme swali linatoa mkusanyiko wa ioni za hidrojeni wa 3 × 10⁻⁵ na kuuliza pH, yaani kipimo cha uchachu. Mtahiniwa aliyezoea haandiki chochote kirefu: anajua jibu liko kati ya 4 na 5, anakumbuka kwamba logi ya 3 ni karibu nusu, anachagua 4.5 na kuendelea. Aliyeshinda wiki nzima akisoma nadharia bila kushika kalamu hupoteza dakika nzima hapo, kisha anaanza kujilaumu, na lawama hiyo huingia naye kwenye swali linalofuata.

Kuhusu woga wenyewe, sipendi desturi ya kuwaambia watahiniwa watulie. Moyo unaodunda, viganja vinavyotoka jasho na tumbo linalokoroga ni kazi ya adrenalini, na mtu hawezi kuiamuru adrenalini iondoke. Tangu jaribio la Yerkes na Dodson la mwaka 1908, lililofanywa kwa panya, wanasaikolojia wamekuwa wakieleza kwamba msisimko wa kiasi husaidia utendaji na unaharibu pale unapopita kiasi, hasa kazi inapokuwa ngumu. Mwaka 2014, mtafiti Alison Wood Brooks alionyesha kwamba watu waliojiambia kuwa wamesisimka walifanya vizuri zaidi katika kuhutubia na hesabu kuliko waliojiambia watulie. Nao watafiti Ramirez na Beilock, mwaka 2011, waliwapa wanafunzi dakika 10 za kuandika hofu zao kabla tu ya mtihani, na waliofaidika zaidi ni wale waliozoea kuingiwa na woga. Sidai kwamba njia hizi zinamfaa kila mtu, lakini zote mbili zina heshima fulani ninayoithamini: zinamchukulia mtahiniwa kuwa mtu mwenye hofu ya haki, anayeweza kufanya kazi akiwa na hofu hiyo. Nawaomba wazazi na ndugu nao waache kupiga simu usiku wa kuamkia mtihani kuuliza kama yuko tayari.

Asubuhi yenyewe huwa na taratibu zinazoweza kumtikisa asiyezijua. Kitambulisho kinakaguliwa na jina lake lazima lilingane na lile la usajili, mishipa ya kiganja inapigwa picha kwa mashine, mifuko inageuzwa nje, simu inafungiwa. Ndani, mtahiniwa anapewa kijitabu cha karatasi za plastiki na kalamu ya wino unaofutika. Akitoka kwa mapumziko na kurudi, hukaguliwa tena, na muda wa ukaguzi unatoka kwenye dakika zake 10, au 30 baada ya sehemu ya pili. Anayeyajua haya mapema hashtuki.

Kisha kinakuja kifungu cha kwanza cha kusoma, chenye maswali yake, na pengine kinahusu chombo cha maabara ambacho hajawahi kukisikia. Hapa ndipo hofu hugeuka kiwewe, na hapa ndipo ninapomsihi mtahiniwa ashushe pumzi polepole, avute hewa na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya alivyoivuta, kisha akumbuke mambo mawili. Katika MCAT jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, tofauti na NEET, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari nchini India, ambako jibu sahihi huleta alama 4 na lililokosewa hupunguza 1. Kwa hiyo ajaze jibu, aweke alama ya kurudi, aende mbele. La pili, baadhi ya maswali huwekwa kwa majaribio tu na hayahesabiwi, na hakuna anayeyajua, hivyo swali linaloonekana la ajabu huenda halina thamani yoyote katika matokeo yake.

Mwisho wa yote, kompyuta humuuliza mtahiniwa kama anataka mtihani wake usahihishwe au ubatilishwe, na humpa dakika chache tu za kuamua. Ni swali gumu kumwuliza mtu aliyechoka namna hiyo, kwa kuwa wakati huo anayakumbuka maswali yaliyomshinda kuliko mengi aliyoyajibu bila taabu. Uamuzi huo ufanywe nyumbani, siku kadhaa kabla, na uandikwe: kubatilisha ni kwa aliyeugua katikati ya mtihani au aliyeacha vifungu vizima bila kuvigusa. Mtihani uliobatilishwa huhesabiwa katika idadi ya mara ambazo mtu anaruhusiwa kuufanya, ambazo ni 3 kwa mwaka, 4 kwa miaka miwili mfululizo na 7 maishani. Ambaye hakuugua na hakuacha vifungu achague usahihishwe, achukue vitu vyake, aende akalale.