Kata Bomba, Acha Woga

Kijana mmoja wa Mikindani kanitumia ujumbe: duka lililomuuzia darubini ya vioo limemwambia "haipigi picha", anunue nyingine. Anunue nyingine! Kwa korosho za shamba gani?

Darubini haina kosa. Sensa (kile kibao kinachopokea mwanga) ya DSLR ya Canon, kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, imejificha milimita 44 ndani ya kamera; weka na ringi ya kuungia, zinafika 55. Mwanga wa kioo unakutana kabla ya hapo, hata ukiingiza yote fokasa, yaani kile kibomba kinachoshika lenzi ya jicho. Ndiyo maana mwezi unatoka kama doa la mafuta kwenye karatasi ya vitumbua.

Dawa ni kusogeza mbele kioo kikubwa kilichoko nyuma ya bomba, na kipimo hakina uchawi. Usiku wa mwezi toa lenzi ya jicho, ingiza fokasa hadi mwisho, kisha shika karatasi nyeupe mbele ya mdomo wake uisogeze taratibu. Kwa darubini yenye kioo cha upana wa milimita 130 na urefu wa fokasi (toka kiooni hadi mwanga unapokutana) 650, mwezi utajichora pale, kiduara cha milimita 6 hivi, mabaka yake yote yakionekana. Piga rula kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi. Ukipata 25, na kamera inataka 55, kioo kinadaiwa 30. Ongeza 5 za akiba. Kukisukuma kioo mbele, bolti ndefu na springi ngumu za fundi pikipiki zinaweza kutosha. Zisipotosha, toa kioo, kiweke mbali na vumbi la chuma, ukate bomba kwa nyuma. Watu wanaogopa msumeno utadhani bomba ndilo linaloona. Bomba ni bati tu jamani!

Haya, pembe za picha zitafifia kidogo, na kutazama kwa jicho kutadai kipande cha kurefusha fokasa. Nakubali.

Lenzi ya Barlow, ile ya kukuza picha inayosogeza fokasi nje? Kwa Mshtarii na Zohali sigombi. Ila ile ya mara mbili inageuza f/5 (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa kioo) kuwa f/10, muda wa kupiga unakuwa mara nne, na nebula ya Carina, wingu la gesi angani, pana kama mwezi mara nne, haienei tena kwenye picha. London nebula hiyo haichomozi kamwe. Sisi tunayo, halafu tuikate nusu?

Stendi ni ugomvi mwingine. Maelekezo yanasema ilenge Nyota ya Kaskazini, ambayo Mtwara haionekani. Ncha yetu ya kusini, ambayo anga huizunguka, iko nyuzi 10 tu juu ya upeo, upande wa Msumbiji, na nyota iliyo jirani nayo ni hafifu mno. Hilo nitaliandika hasira zikishuka.