Kidonge Tumboni mwa Ng'ombe: Kikihisi Homa, Kitamwambia Nani?

Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe huko Uyui, mkoani Tabora, kikao cha wafugaji. Kijana aliyetoka kusomea mifugo akainua kidude mfano wa betri mbili za tochi ya zamani zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Akaeleza kwamba ng'ombe akimezeshwa hicho hakitoki tena, kitakaa tumboni miaka kadhaa, na sensa iliyomo itapima joto lake usiku na mchana. Mzee mmoja akanyoosha fimbo: "Sensa tena, mjukuu wangu? Si tulishahesabiwa 2022?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akasema hapana babu, sensa hii ni kipima joto, siyo ile ya kuhesabu watu. Mzee akaitikia kwa kichwa, ila fimbo hakuishusha. Mimi nimekuwa nikiwaza tangu siku ile kwamba hakukosea sana. Lugha imetupa neno moja kwa vitu viwili, kuhisi na kuhesabu, na ubishi wote kuhusu vifaa vya kielektroniki ndani ya miili ya mifugo unazunguka hapo hapo.

Maana ubishi upo, na umekuwa wa upande mmoja. Ofisini na semina baada ya semina unasikia kwamba mfugaji wa Tabora haelewi teknolojia. Huyo huyo asiyeelewa ana simu mbili, amefunga sola juu ya nyumba, na bei ya ng'ombe mnadani Igunga anaijua kabla hajaswaga hata ndama mmoja. Nadhani anaelewa vizuri kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwanza tutenganishe vitu, kwa sababu vinachanganywa makusudi na bila makusudi. Kuna chipu ya kuchomwa chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele, milimita 12 hivi. Haina betri. Inalala kimya mpaka kisomaji kisogezwe karibu, ndipo inataja namba yake ya tarakimu 15 na kunyamaza tena. Mbwa wengi wa Ulaya wanayo. Kuna kidonge kizito cha kumezwa, wataalamu wanakiita bolasi, kinachotua kwenye chumba cha pili cha tumbo la ng'ombe na kubaki humo kwa uzito wake. Kipo cha namba tu, nacho hakina betri, na kipo chenye betri na kipima joto kinachorusha taarifa kwa redio. Ulaya ng'ombe wa maziwa wanawekewa hiki cha pili. Hereni ya sikioni yenye namba ya ng'ombe tumeijadili hadi imechosha masikio yenyewe, siirudii.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kumwonyesha mtu aliyekaa Dodoma kwamba ng'ombe wa fulani sasa hivi anakunywa maji mto Ugalla. Mawimbi ya setilaiti hayapenyi tumbo la ng'ombe, na kisomaji cha mkononi kwa kawaida hakifikishi hata mita moja. Uvumi kwamba chipu itatoboa siri za malisho ni uvumi tu. Hapo wataalamu wana haki ya kukasirika, na mimi niko nao.

Ila tuache uvumi, twende kwenye homa, kwa sababu hapo ndipo kidonge kina hoja ambayo watetezi wake, kwa ajabu, hawaitumii ipasavyo.

Ng'ombe mzima ana joto la nyuzi 38 na nusu hivi. Kupe mwenye ndigana kali akimng'ata, siku kama nane hadi kumi na mbili hakuna kinachoonekana. Anakula, anacheua, anatembea na wenzake. Kisha joto linaanza kupanda, 40, 41. Tezi ya chini ya sikio inavimba. Mfugaji mzoefu anaipapasa kwa vidole na kujua. Lakini mwenye ng'ombe 80 hapapasi masikio 80 kila jioni, na mchungaji mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Kwa hiyo ugonjwa unagunduliwa ng'ombe akishabaki nyuma ya kundi, ameacha kula, anapumua kwa shida, povu puani. Akifika hapo, siku zake mara nyingi zinahesabika kwenye vidole.

Dawa ya ndigana ipo, madukani ipo, na inafanya kazi vizuri ikiwahi. Ikichelewa, mapafu yakishajaa maji, unaichoma na mnyama anakufa vilevile. Hela ya dawa imekwenda, ng'ombe amekwenda, na jirani anasema dawa ni feki. Nimesikia "dawa feki" hiyo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nauliza kwanza: ulichoma siku ya ngapi? Jibu huwa ni "alipolala chini".

Kati ya joto kupanda na ng'ombe kulala chini kuna siku chache, na kidonge chenye kipima joto kinasema ndani ya siku hizo hizo. Hakisubiri jicho la mtoto aliyechoka. Ukinikatalia faida nyingine zote za kifaa hiki nitakuachia, ila hii sikuachii. Kwa mwenye mitamba wawili wa maziwa wa damu ya kizungu pale Tabora mjini, ambao ndigana inawaua upesi kuliko zebu wetu wa asili, siku mbili za kuwahi ndiyo tofauti ya kuwa na maziwa mwakani au kutokuwa nayo.

Hata hapa mzee wa Uyui angekuwa na neno. Joto linasema nyumba inaungua, halisemi chumba gani. Ndigana kali inaleta homa, ndigana baridi, nayo ya kupe, inaleta homa, homa ya mapafu jina lake lenyewe linasema, na kwenye miombo yetu yenye mbung'o, nagana wanayoieneza nayo inapandisha joto na kulishusha. Dawa ya hii siyo dawa ya ile. Ujumbe ukija kwamba ng'ombe namba fulani ana nyuzi 41, bado atahitajika mtu wa kutoa majimaji ya tezi au tone la damu na kulitazama kwa hadubini. Bwana mifugo mmoja wa kata, mwenye pikipiki ambayo leo ina mafuta na kesho haina, ndiye mwisho wa mtambo huo wote.

Halafu kuna maji. Ng'ombe akinywa maji ya baridi, joto la kile chumba cha tumbo linashuka ghafla na huchukua muda mrefu kurudi. Programu za Ulaya zimezoea ng'ombe anayekunywa kidogo kidogo bandani. Wetu kiangazi anatembea nusu siku hadi lambo, anakunywa kwa mkupuo mpaka tumbo linakuwa ngoma. Na taarifa za kidonge zinapokewa na kituo kinachofungwa karibu, chenye umeme na mtandao. Kundi likiwa porini tangu alfajiri, kidonge kitasubiri jioni lirudi zizini. Haya yanatengenezeka, sisemi hayatengenezeki. Nasema aliyekataa kununua kabla hayajatengenezwa si mjinga.

Sasa upande wa kuhesabu, ambao ndio serikali yoyote inaupenda zaidi. Una nguvu yake, na nitautendea haki. Chukua homa ya mapafu. Mkaguzi wa nyama machinjioni anafungua kifua cha ng'ombe na kukuta pafu limekufa upande na kuota ganda. Ng'ombe huyo amekuwa akisambaza ugonjwa kwa kupumua tu, pengine kwa miezi. Ametoka zizi gani? Amenunuliwa mnadani, kabla ya hapo alikuwa kwa mchuuzi, kabla ya hapo pengine Kaliua, pengine Sikonge. Bila namba mwilini hakuna wa kumrudia, na kundi lililobaki linaendelea kukohoa. Kwenye wizi pia, hereni inakatwa kwa kisu dakika moja, kidonge hakitolewi bila kumchinja mnyama. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tunayo tangu 2010. Siyo wazo la jana.

Watetezi wa kidonge hupenda kutaja Botswana, na wanafanya vyema, ila wamalizie hadithi. Botswana iliuza nyama Ulaya, Ulaya ikataka kila ng'ombe ajulikane alikotoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ile ikaanza kumezesha ng'ombe wake vidonge vya namba. Ilikuwa kazi kubwa, ya kuheshimiwa. Baada ya zaidi ya mwongo mmoja wakahamia kwenye hereni za kielektroniki. Kwa hiyo hata nchi yenye soko la nje la kugharamia mambo, ikiwa na ng'ombe wachache kwa mbali kuliko sisi, iliona kidonge si neno la mwisho. Na mfugaji wa kule alijua kwa nini anasumbuliwa: nyama yake ilikuwa inapanda meli. Wa Igunga anauza kwa mchuuzi ambaye hajawahi kuulizia namba yoyote zaidi ya bei.

Sasa mgeukie mfugaji, ambaye hofu yake tunaiita ujinga. Mkoloni alihesabu ng'ombe wa Usukuma, kisha akaja na amri ya kuwapunguza. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ilianza kwa kuwasaka majangili, ikaishia kwa kilio cha wafugaji na mifugo yao, Bunge likachunguza, mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba ile, wa mifugo akiwemo. Mtu aliyekuwa hai siku hizo, leo unamwambia ameze, yaani ng'ombe wake ameze, namba isiyotoka. Hawezi kujua mawimbi yanapenya nini na hayapenyi nini. Anachojua ni kwamba ng'ombe akikamatwa ndani ya hifadhi, leo anaweza kusema si wangu, au akamtafuta mtu wa kuzungumza naye. Kesho kisomaji kitataja jina lake kabla hajafungua mdomo.

Utasema basi asiingize ng'ombe hifadhini. Sawa. Na utasema namba hiyo hiyo inamlinda, kwa kuwa ng'ombe 40 wakikamatwa na 31 wakarudishwa, atathibitisha tisa wake. Ni hoja nzuri, tena kwa maoni yangu ndiyo ingemshawishi kuliko zote. Mbona hakuna anayempelekea? Mabango niliyoyaona yanazungumzia takwimu za taifa na soko la kimataifa. Watu hawa ndio walioanzisha sungusungu, ulinzi wa jadi dhidi ya wezi wa ng'ombe, huku Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, polisi walipochoka kufuata nyayo. Utambuzi wa ng'ombe hawajafundishwa na mtu. Walikuwa wanasoma masikio yaliyokatwa alama na chapa za moto kabla sisi hatujasoma a, e, i.

Nadhani Juni 2025, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi ilipozinduliwa Bariadi, kuna jambo lilifanywa sawasawa: sindano na hereni vilikuja kwa mkono mmoja. Unahesabiwa, lakini ng'ombe wako ameondoka na kinga. Mfugaji ana kitu cha kutazama.

Kidonge kingeweza kwenda mbali zaidi, kama taarifa ya homa ingemfikia mwenye ng'ombe kwanza, kwa ujumbe wa kawaida wa simu ya kitochi, kwa Kiswahili, kabla ya kufika kwenye kompyuta yoyote. Taarifa ya ng'ombe ni taarifa ya mtu: ana ng'ombe wangapi, wako wapi, lini anauza. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 imeanza kazi tangu Mei 2023, ila mikutano niliyohudhuria ya vifaa vya mifugo sijasikia ikitajwa, ingawa chai ya saa nne haikosekani.

Yule mzee wa Uyui aliuliza swali la pili, na hili halikuchekesha mtu. Alitaka kujua ile simu itakayopokea ujumbe ng'ombe akiwa na homa ni ya nani. Kijana akafungua karatasi zake, akasoma, akasema kwenye mpango wa majaribio ujumbe unakwenda kwa msimamizi wa mradi, ambaye atamjulisha ofisa, ambaye atamjulisha mfugaji. Mzee akahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu. Kisha akauliza hao wote wanakaa wapi.

Kama ningepewa kuanza mimi, ningeanza na ng'ombe wa maziwa wa hapa mjini na wa Urambo, wanaolala bandani karibu na umeme, wenye bei inayobeba gharama ya kifaa, na walio karibu na maabara ya mifugo ya Tabora. Ujumbe uende kwa mwenye ng'ombe na bwana mifugo kwa pamoja. Namba ya usajili isubiri mwaka wa pili, mwenye ng'ombe akishaona ndama aliyepona. Na hela za kufunga vituo vya kupokea taarifa za vidonge porini zitengwe kwanza kidogo kwa mafuta ya pikipiki, hadubini, na dawa ya kogesha kwenye majosho yaliyokauka, maana kupe aliyekufa joshoni hamletei ng'ombe homa ya kupimwa.