Nipunguze kwa Mkasi Gani?

Alhamisi usiku mama mdogo wangu wa Morogoro alituma picha ya majibu yake ya hospitali kwenye grupu la ukoo. Ni mara ya tano mwaka huu anakwenda kupimwa moyo. Unamwenda mbio usiku, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, anaamka saa nane na kukaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Wamempima presha, sukari, wingi wa damu, wamembandika zile nyaya za kifuani zinazochora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Vyote safi. Daktari akafunga faili na kumwambia: "Mama, huna ugonjwa. Punguza mawazo."

Grupu likalipuka kwa furaha. Alhamdulillah. Utukufu kwa Bwana. Binamu mmoja akaleta tangawizi, mdalasini na asali, kijiko kimoja kabla ya kulala. Mwingine akaandika, "Si tulikwambia ma'mdogo, ni mawazo tu." Mjomba akatuma sauti ya dakika nne akieleza kwamba wazee wetu hawakuwa na magonjwa haya ya kisasa. (Mjomba huyohuyo hukagua komeo la mlango mara tatu kabla ya kulala na hajawahi kupanda boti ya Zanzibar maisha yake yote, lakini tuyaache.)

Hakuna hata mmoja aliyeuliza: kama hana ugonjwa, kinachomwamsha saa nane ni nini?

"Punguza mawazo." Nimeisikia zahanati, nimeisikia msibani, nimeisikia mpaka kwa wakala wa pesa za simu. Inatolewa kama dawa, tena bure, na aliyeitoa huondoka roho yake imetulia. Nipunguze kwa mkasi gani? Mtu mwenye wasiwasi wa kudumu ameshinda kutwa nzima akipunguza mawazo. Ndiyo kazi yake, na haina likizo. Kumwambia apunguze ni kama kumwambia anayezama apunguze maji.

Nina hasira kwa sababu miaka michache nyuma mimi ndiye niliyekuwa nakaa sebuleni saa nane usiku. Wasiwasi wangu ulikuja kwa mlango wa simu. Mke wangu anafanya kazi Kariakoo. Akitoka nyumbani nampigia: umepanda? Umefika? Umekula? Umetoka? Upo wapi sasa? Asipopokea mara mbili, tayari nimeshamwona kalala barabarani Buguruni, watu wamemzunguka, na mimi natafuta nani wa kukaa na watoto. Watu waliniona mume bora. Shemeji zangu walinisifu. Mke wangu alikuwa anachoka kimyakimya, na mimi nilikuwa nameza dawa za vidonda vya tumbo ambavyo kipimo cha kamera hakikuwahi kuviona.

Nilikwenda kwa mwanasaikolojia kwa shingo upande, baada ya mke wangu kusema mmoja wetu lazima aende. Chumba kidogo, feni inalia kama inataka kuanguka (nilitumia robo saa ya kwanza nikihesabu itaniangukia upande gani). Nilijiandaa kuulizwa habari za utotoni na kulia. Dada wa watu akaniuliza, "Jana ulimpigia mkeo simu ngapi?" Nikatoa simu tukahesabu. Kumi na moja.

"Kila akipokea, unatulia kwa muda gani?"

Nikafikiri. Labda dakika ishirini. Akipanda daladala nyingine, inaanza upya.

Hapo ndipo akaniambia jambo ambalo hakuna shangazi, shehe wala daktari aliyewahi kuniambia: ile simu ndiyo inayoulisha ugonjwa. Mimi nikaielewa kwa lugha yangu. Ni mkopo wa kausha damu. Leo unapewa utulivu wa dakika ishirini mkononi, kesho unadaiwa wa arobaini, na ukienda kukopa tena ndiyo deni linakua. Kila nikipiga na kukuta mke yuko salama, ubongo haujifunzi kwamba njia ni salama. Unajifunza kwamba yuko salama *kwa sababu nimepiga*. Kwa hiyo piga tena.

Sasa rudi kwenye grupu letu. Watu ishirini na tatu wanamwambia ma'mdogo "usijali, huna kitu." Wanamkopesha. Kipimo cha tano cha moyo nacho ni mkopo. Wiki mbili atatulia, kisha kifua kitabana, na atajiuliza kama ile mashine ilikuwa nzima.

Nilipewa kazi ya nyumbani, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Nikanunua kaunta buku nikagawa kurasa safu tatu: saa, ninachoogopa kitatokea, kilichotokea. Kwa hiyo kuna ukurasa umeandikwa "saa kumi na nusu, hapokei, amegongwa" na pembeni yake "simu ilikuwa ndani ya mkoba, alikuwa ananunua dagaa." Kuna kurasa nyingi za dagaa. Baada ya wiki tano nilikuwa na mistari sitini na tatu. Miwili tu ilikuwa imetimia: mtoto alishikwa na malaria kali usiku, na mshahara ulichelewa mwezi mzima.

Nilimpelekea daftari nikiwa na furaha ya ajabu, furaha ya kushinda kesi. Si unaona, nikamwambia, yanatokea! Alichukua kalamu nyekundu akaizungushia ile miwili. Nilidhani ataniambia miwili kati ya sitini na tatu ni michache. Hakusema hivyo. Alisema, "Hii ndiyo ninayoitaka. Usiku wa malaria ulifanya nini?" Nilimbeba mtoto, nikaamsha kijana wa bajaji, tukafika, akatundikiwa dripu, nikakopa hela kwa jirani. "Ulikuwa na hofu?" Nilikuwa na hofu. "Na ulifanya yote hayo?" Nikanyamaza. Kwa miaka yote nilikuwa naogopa kwamba jambo likitokea nitapasuka, na lilipotokea nilitafuta bajaji.

Mengine nitayapitia haraka. Nilipangiwa muda wa wasiwasi: nusu saa kila jioni, kwenye stuli ya plastiki nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji. Wazo likija saa nne asubuhi, naliandika na kuliambia lisubiri saa kumi na moja. Utacheka, nami nilicheka. Ifikapo saa kumi na moja, nusu ya yale mawazo hata sikumbuki yalitaka nini. Nikafundishwa pia kwamba vidole kufa ganzi si jini wala si mkono wa mtu. Ukiogopa unapumua harakaharaka, unatoa hewa ya ukaa kuliko inavyotakiwa, na vidole na midomo vinaanza kuchomachoma. Wewe ukiona vile unaogopa zaidi, unapumua haraka zaidi, na mduara umekamilika bila mchawi hata mmoja.

Kisha ikaja siku ya kutopiga simu. Mke katoka kazini saa kumi, mimi simu nimeiweka juu ya kabati. Moyo ulidunda mpaka masikioni. Mikono ilitoka jasho. Saa kumi na nusu nilikuwa nimesimama mlangoni kama mlinzi. Halafu, na hapa ndipo nilipopona nusu, ile hofu ikaanza kushuka yenyewe. Mke alikuwa bado hajafika. Hakuna aliyeniambia usijali. Ilipanda, ikakaa, ikashuka, na mimi maisha yangu yote sikuwahi kuisubiri ishuke.

Wataalamu huiita tiba ya utambuzi na tabia. Daktari wa Marekani, Aaron Beck, ndiye aliyeanza kuijenga miaka ya 1960, na tangu hapo imejaribiwa kwa wagonjwa wengi mno duniani. Mimi naiita mazoezi. Neno "ushauri nasaha" limetuharibia, maana tunadhani unakwenda kushauriwa, na ushauri kwetu tunao wa kutosha kuuza nje ya nchi.

Haya, nakubali kinachostahili kukubaliwa. Kipimo cha kwanza cha moyo kilikuwa halali, hata cha tezi la shingo kingekuwa halali, maana lile nalo likizidisha kazi humtetemesha mtu hivihivi. Dawa nazo zipo, wengine zinawasaidia sana, na daktari wa akili anajua zipi. Ninachokataa ni zile diazepamu za kununua kwa rafiki wa duka la dawa "za kulalia tu". Mwili huzizoea, na siku ukiacha ghafla wasiwasi unarudi na ndugu zake. Na wapo ambao vikao havikuwafaa. Si wote wanapona.

Ibada? Nimelalia mswala usiku mwingi nikatulia, sitasema uongo. Shehe wangu ana jambo moja linalowashinda wataalamu wote: anafungua mlango saa tano usiku na hadai shilingi. Lakini alipoambiwa habari ya zile simu kumi na moja alisema nizidishe dua. Nilizidisha dua, na simu zikawa kumi na tatu.

Suala la hela ndilo linalonifunga mdomo. Kikao kimoja nilikilipa elfu hamsini, na nilikwenda mara kumi na mbili. Nikimwambia mama ntilie wa mtaani kwetu "katafute tiba ya mazungumzo" ananiangalia kama nimemwambia akanunue ndege. Na wasiwasi wake si wa kufikirika: kodi, ada, mkopo wa kikundi. Hakuna mwanasaikolojia anayelipa kodi ya mtu.

Ila hapo Wazimbabwe wametutia aibu. Daktari wa akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake ambaye familia ilikosa nauli ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006, bila jengo wala bajeti, akaanza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Wakafundishwa, wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati, wakaanza kusikiliza watu. Kishona kina neno *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Ni "mawazo mengi" yetu haya haya! Tofauti ni kwamba wale mabibi hawakusema yapunguze. Walimwambia mtu ataje shida zake zote, achague moja, wapange hatua moja ya wiki hii, arudi kusema ilikuwaje. Utafiti wa watu 573 katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipungukiwa sana na dalili za wasiwasi na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nairobi nako wahudumu wa afya ya jamii wamewahi kutoa vikao vitano vya namna hiyo kwa wanawake waliopitia ukatili, na vilisaidia. Benchi lenyewe limeshafika hata Zanzibar. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye makochi. Sisi mabibi tunao na mabenchi tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kuwafundisha mabibi waache kusema "punguza mawazo."

Jumamosi nikapanda basi mpaka Morogoro. Ma'mdogo alinipokea kwa ubwabwa na maharage, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo unanipeleka Mirembe, hospitali ya wendawazimu."

"Hapana, ma'mdogo. Mtaalamu yupo hapahapa mjini. Nimekuwekea miadi Jumatano."

"Watu wataniona."

"Watakuona umekaa kwenye benchi la hospitali, ambako wamekuona mara tano mwaka huu."

Akacheka bila kupenda. Nikamwambia, kabla ya Jumatano, tujaribu kitu kimoja. Kila nikirudi Dar, yeye hunipigia Chalinze, Mlandizi, Kibaha na Mbezi. Safari hii asipige mpaka mimi nimpigie nikishuka.

"Na mkipata ajali?"

"Simu yako haitapiga breki, mama."

Hakujibu. Alinifungia maembe kwenye mfuko.

Tulifika Chalinze saa tisa na robo. Wauza mayai na korosho wakagonga madirisha, basi likaondoka, simu haikulia. Dakika kumi. Nikaanza kujiuliza kwa nini hapigi. Anaweza akawa ameanguka bafuni. Nikaigeuza simu uso chini juu ya paja, nikaweka mkono juu yake, nikaangalia nje, hofu ikipanda.

Mlandizi ikalia.

"Shikamoo ma'mdogo."

"Marahaba baba. Usinigombeze. Chalinze nilivuka. Mlandizi ndiyo imenishinda."