Kupandisha toleo au kuformati: hesabu za mashine za Lubumbashi

Tangu Microsoft ilipofunga msaada wa kawaida wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta mjini Lubumbashi wamekuwa wakiuliza swali moja kwa mafundi wao: mashine ipandishwe hadi Windows 11 pamoja na kila kilichomo, au diski ifutwe na mfumo usakinishwe upya? Mafundi wengi hujibu kabla mteja hajamaliza kueleza shida yake: tuformati. Jibu hilo lina sababu zake, na baadhi ni nzuri, lakini mara nyingi humrahisishia kazi fundi kuliko linavyomfaa mwenye mashine.

Wanaotetea kuformati husema kwamba mfumo mpya uliowekwa juu ya ule wa zamani hurithi uchafu wake. Enzi za Windows 98 hoja hiyo ilikuwa na nguvu, kwa sababu aliyepanda kutoka Windows 95 alikuwa akiandika mafaili mapya ndani ya folda ile ile ya zamani, na kasoro zote zikabaki humo. Tangu Windows Vista kisakinishi kimebadilika: hukunjua nakala kamili ya mfumo mpya, na katika Windows 10 na 11 ule wa zamani huwekwa kando kwenye folda iitwayo Windows.old, kisha programu, mipangilio na mafaili ya mtumiaji huhamishwa. Mafaili ya mfumo wenyewe, basi, ni mapya katika njia zote mbili. Kinachorithiwa ni vile vilivyohamishwa, na hapo hoja ya uchafu bado ina uzito, kwani programu inayojiwasha kila mashine inapowaka inaweza kuvuka pamoja na vingine, iwe ni ya uhasibu au ni kirusi.

Kwa hiyo ofisi za kuchapa na kutoa fotokopi zilizo karibu na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako flashi za wanafunzi hupita kwenye mashine moja kutwa nzima, hazina sababu ya kusita: zifute. Hali kadhalika aliyenunua kompyuta iliyokwisha kutumika ng'ambo, kwa maana hajui nani aliishika wala aliacha nini ndani yake. Tena mashine hizo huweza kuja na Windows ya Kiingereza, ilhali ofisi za hapa zinafanya kazi kwa Kifaransa, na kisakinishi cha Kifaransa kikiwashwa juu ya Windows ya Kiingereza hakikubali kuhifadhi programu zilizopo. Mfumo wa biti 32 nao haupandi kwenda Windows 11, ambayo ni ya biti 64 tu. Katika hali hizo mjadala hauna nafasi.

Mashine ya mhasibu ni habari nyingine kabisa. Programu yake ya hesabu iliwekwa na kufunguliwa kwa leseni miaka kadhaa iliyopita, pengine na mtu aliyekwisha kuhamia Kolwezi, na namba ya leseni haijulikani iliko. Fundi mwenye haraka hunakili picha, nyaraka na vilivyo kwenye uso wa kompyuta, akaona amemaliza. Lakini programu nyingi za aina hiyo huweka hifadhidata katika folda yao wenyewe, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hajawahi kufungua, na hesabu za mwaka mzima hufutika pasipo mtu yeyote kukusudia. Kupandisha toleo kungeviacha vyote mahali pake na, mambo yakienda vibaya, kungetoa siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa zamani. Aliyefuta diski hana njia ya kurudi isipokuwa nakala aliyoitoa kabla.

Wapo wanaodhani kwamba kupandisha kunakula megabaiti nyingi kuliko kuformati. Hili si lazima liwe kweli. Flashi ya GB 8 inayotumika kuformati ndiyo inayoweza kupandisha pia, mradi kisakinishi kiwashwe kutoka ndani ya Windows. Kinyume chake, baada ya kuformati, Windows 11 kwa kawaida hudai intaneti na akaunti ya Microsoft kabla hata ya kuonyesha uso wa kompyuta, kisha programu zote hupakuliwa upya. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika katikati ya kazi hiyo, usakinishaji huanza tena, ilhali upandishaji uliokatika mara nyingi hujaribu kurudisha mfumo wa zamani. Nasema mara nyingi: mashine isiyo na betri isipandishwe bila chanzo cha akiba cha umeme.

Mashine nyingine hazifikii masharti ya Windows 11: kipande cha usalama cha TPM 2.0, na kwa upande wa Intel kwa kawaida prosesa ya kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Fundi anaweza kuyakwepa masharti hayo kwa flashi iliyorekebishwa, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Mteja aliyekuja kwa sababu kompyuta ni nzito, naye, huenda asipate nafuu ya kudumu kwa njia yoyote kati ya hizi ikiwa diski yake bado ni ya kuzunguka. Hapo pesa zingetumika vizuri zaidi kununua SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, nayo ina faida inayosahauliwa: mfumo husakinishwa safi kwenye diski mpya, na ile ya zamani hutolewa nzima, haijaguswa, ikawekwa kando mpaka mhasibu afungue hesabu zake na kuziona zimetimia.