Albedo ni hesabu inayowahusu wenye nyumba Bagamoyo

Albedo ni ile sehemu ya mwanga wa jua ambayo uso wa kitu huirudisha badala ya kuifyonza. Hupimwa kuanzia 0, yaani hakuna kinachorudi, hadi 1, yaani mwanga wote umerudi. Theluji mpya hufikia 0.8 au zaidi, bahari tulivu chini ya jua la utosini haifiki 0.1, na Dunia nzima pamoja na mawingu yake ina wastani wa 0.3 hivi. Wengi wetu hulisikia neno hili katika habari za barafu ya ncha za Dunia, kisha hulisahau, na mimi naona tunakosea, kwa sababu mahali ambapo lingetufaa zaidi ni juu ya mapaa yetu.

Kwa asili ni neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Aliyeliingiza katika elimu ya mwanga ni Johann Heinrich Lambert, mwanahisabati aliyezaliwa Mulhouse, katika kitabu chake Photometria cha mwaka 1760. Karne moja baadaye, mwaka 1861, Mmarekani George Phillips Bond alilipa upana mwingine alipotaka kujua sayari nzima hurudisha mwanga kiasi gani kwa pande zote. Tangu hapo maana yake imekwenda mbali kuliko weupe wa macho. Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia ardhini huja kwa miali ya infraredi tusiyoiona, na hata jani la mwembe, ambalo kwa macho ni kijani kilichoiva, hurudisha sehemu kubwa ya miali hiyo.

Bagamoyo ipo karibu nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika siku za mwanzo za Oktoba. Mchana wa anga safi, kila mita moja ya mraba ya paa inaweza kupokea wati 1,000 hivi. Paa lenye albedo ya 0.2 litabaki na 800, ilhali lenye 0.7 litabaki na 300. Ukipiga hesabu hiyo kwa paa zima la nyumba ya vyumba vitatu utaelewa kwa nini watu hulala barazani. Hata hivyo, mabati ya rangi ya damu ya mzee na ya bluu iliyokolea ndiyo yanayopendwa mitaani, na fundi hamwambii mteja lolote kuhusu joto.

Waliojenga nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe walizipaka chokaa. Weka kiganja juu ya ukuta wa chokaa saa saba mchana, kisha ukihamishie kwenye ukuta wa jirani uliopakwa kahawia nzito. Wa pili hutaustahimili kwa muda mrefu. Makuti nayo yana siri nyingine, maana hayategemei albedo bali unene wake na hewa iliyonaswa ndani yake.

Sisemi kwamba kila king'aacho juani kinafaa. Bati jipya lisilo na rangi hurudisha mwanga mwingi, lakini likishapata moto hutoa joto lake kwa shida, na kutu ikiingia albedo yake hushuka. Rangi nyeupe hushinda kwa yote mawili: hurudisha mwanga, na joto dogo linalobaki hulitoa upesi. Gharama yake ni uangalizi, kwa kuwa vumbi la kiangazi na ukungu wa masika huipunguzia nguvu, hivyo hulazimu kuoshwa na kupakwa upya. Kwa madarasa yasiyo na dari, ambamo watoto hukaa chini ya bati hadi alasiri, gharama hiyo ningeiweka mbele ya rangi yoyote ya mapambo.