Haki zimo Katibani, zinavuja baada ya hukumu

Jioni moja pale Majengo, Dodoma, kwenye kijiwe cha kahawa, dereva bodaboda alimkatiza mwalimu mstaafu aliyekuwa ameshika kijitabu cha Katiba kilicholika pembe. "Mwalimu wangu, Ijumaa mpaka Jumatatu nililala ndani kwa kosa la kofia ya abiria. Hicho kitabu kilikuwa wapi?" Mwalimu akalamba kidole, akafungua Ibara ya 15, akasoma kwa sauti ya darasani: ni marufuku mtu kukamatwa, kufungwa, kufungiwa au kuwekwa kizuizini, isipokuwa tu... Kijana hakumwacha amalize. "Ee hapo hapo. Isipokuwa."

Kijiwe kizima kilicheka, nami nilicheka. Lakini neno hilo moja ndilo hoja nzima ya wanaoamini kwamba Katiba ya Tanzania ya 1977 haimlindi mtu, na kwamba kuisoma ni kupoteza muda hadi ije mpya.

Hoja yao si ya kubeza. Haki za mtu binafsi hazikuwemo tangu mwanzo. Ziliingizwa na mabadiliko ya 1984, na hata hapo mahakama zikasubirishwa hadi Machi 1988 kuanza kuzisimamia. Nyingi zimefungwa mkia wa "kwa mujibu wa sheria". Haki ya kuishi yenyewe, Ibara ya 14, inao. Ukitafuta ukomo wa saa 24 za mahabusu huuoni Katibani, umo kwenye sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai. Na sheria nyingine, ya tawala za mikoa ya 1997, inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Wakenya mwaka 2010 waliziandika saa 24 ndani ya Katiba yao, na wakaweka humo haki ya afya, maji na makazi. Kwetu elimu na kazi zimetajwa katika Ibara ya 11, halafu Ibara ya 7 inaizuia mahakama isiulizwe kama serikali imeyatekeleza. Mzazi wa Chamwino mwenye mtoto anayesoma chini ya mbuyu hana kesi ya kufungua kwa Ibara ya 11.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kwamba basi humo hamna kitu, kwa sababu wanaosema hivyo wameisoma "isipokuwa" kama raia aliyekata tamaa, wakati mahakama zetu zimeisoma tofauti kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya watu waliotaka kuishtaki serikali, wakakwamishwa na sharti la kuomba kwanza ridhaa ya serikali hiyo hiyo. Mahakama ikasema sheria inayobana haki chini ya Ibara ya 30, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka, lazima ipite mitihani: isiwe ya kionevu, iwe na kinga dhidi ya mwenye mamlaka kujifanyia atakavyo, na isibane zaidi ya inavyohitajika kwa lengo halali. Sharti la ridhaa likaanguka. Kwa hiyo "kwa mujibu wa sheria" si sheria yoyote ile.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Dodoma. Hapa nitakaa kidogo, maana wakazi wengi wa mji huu hawajui kwamba hukumu mbili kubwa za haki za binadamu katika historia ya nchi zilitolewa na Mahakama Kuu hapa hapa, katika miezi kama minne.

Ya kwanza ni ya Juni 1994. Washtakiwa wawili walipatikana na hatia ya mauaji, na sheria ilikuwa na adhabu moja tu, kunyongwa. Jaji James Mwalusanya akakataa. Aliona kunyonga ni adhabu ya kikatili inayomtweza mtu, jambo ambalo Ibara ya 13 inalikataza, na inavunja haki ya kuishi. Akawapa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua, lakini tazama ilivyotengua. Ilikubaliana naye kwamba kunyonga ni ukatili na kunatweza utu. Ikasema tu kwamba Ibara ya 30 inauruhusu ukatili huo kwa ajili ya kuilinda jamii. Nimeirudia mara nyingi hoja hiyo na bado inanikereketa. Mahakama ya juu kabisa inatamka kwamba adhabu ni ya kikatili, kisha inaiacha palepale. Anayetaka ushahidi kwamba "isipokuwa" inaweza kumeza haki nzima, huo hapo. Ila tuseme na lingine: kauli ile ya ukatili haijafutwa, na tangu katikati ya miaka ya tisini hakuna aliyenyongwa nchini ingawa hukumu zinaendelea kutolewa.

Ya pili ni ya Oktoba 1994. Mchungaji Christopher Mtikila alifika mahakamani akitaka mtu aruhusiwe kugombea bila chama, na watu wakusanyike bila kuomba kibali. Jaji Lugakingira akampa yote mawili. Upande wa mikutano, kibali kikapisha taarifa: unawajulisha polisi, huwaombi. Upande wa mgombea binafsi, Katiba yenyewe ikageuzwa. Muswada ulikuwa umeshapelekwa bungeni kesi ikiwa bado inasikilizwa. Ukapitishwa kabla mwaka haujaisha, na haki aliyoishinda Mtikila ikazibwa kwa maneno mapya ndani ya Ibara ya 21.

Mzee yule hakuchoka. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 majaji saba wa Rufani wakasema wao hawana uwezo wa kuitangaza ibara ya Katiba kuwa kinyume cha Katiba, jambo hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikampa ushindi dhidi ya serikali. Alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, bila kuona jina la mgombea asiye na chama kwenye karatasi ya kura. Na ile haki ya mikutano aliyoipata Dodoma ilikaa kabatini kuanzia 2016 hadi Januari 2023, si kwa ibara mpya bali kwa tamko la wenye mamlaka, na kwa tamko ikarudishwa.

Ukizipanga hizo kesi, utaona maandishi si mahali penye tundu kubwa; haki inavuja baada ya hukumu. Ibara ya 18, ya uhuru wa maoni, zamani ilianza na maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi". Mwaka 2005 yaliondolewa, wanaharakati wakapongezana. Miaka 11 baadaye ikaja sheria ya huduma za habari, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki ilikuta vifungu vyake kadhaa vinavunja mkataba wa jumuiya. Mkia ulikatwa, mnyama akabaki yule yule.

Na kuna palipofanya kazi vizuri. Mwaka 1992 ilitungwa sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, bila fidia. Baba na mwanawe wa mkoa wa Arusha wakaenda mahakamani, na Rufani ikaamua kwamba ardhi ya kimila ni mali chini ya Ibara ya 24, haichukuliwi bila fidia inayostahili. Kwa mkulima wa pembezoni mwa jiji hili, ambaye shamba lake la mtama limepigwa bikoni likawa viwanja, huo ni ulinzi wenye thamani ya fedha taslimu. Atabishana juu ya kiasi na juu ya kucheleweshwa, lakini hataambiwa kwamba hakuwa na kitu.

Ndiyo maana swali langu kwa wanaosubiri Katiba mpya linahusu mlango wa nyuma zaidi ya orodha ya haki. Chini ya Ibara ya 98, theluthi mbili ya wabunge wanaweza kupunguza haki za raia bila kumuuliza raia. Kenya huwezi: kugusa sura ya haki kunalazimu kura ya maoni. Hicho ndicho ningewaiga kwanza, kabla ya maji na makazi. Rasimu yenye haki hamsini zinazofutika kwa kura za wabunge haitamfikisha kijana wa bodaboda mbali kuliko kijitabu cha mwalimu.

Nilimsimulia kijana yule habari za Mtikila pale pale kijiweni. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu akaipiga picha Ibara ya 15, kisha akauliza kufungua kesi ni shilingi ngapi. Mwalimu alikuwa bado anahesabu kwa vidole, wakili, nauli, siku za kuacha kazi, mama mmoja alipoita bodaboda ya Nkuhungu. Kijana akamimina mezani kahawa iliyobaki, akavaa kofia yake, na ya abiria akaikabidhi mkononi kabla hajapanda.